Kwa nini Ghent si mji wa Kifaransa: jibu kwa binti wa Buyenzi

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni binti wa Buyenzi, Bujumbura. Nimepata nafasi ya kusomea uzamili Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji. Nyumbani tumekua tukijua kwamba Mbelgiji ni mtu wa Kifaransa. Babu yangu alikuwa karani enzi zao, na Kifaransa chake alikipata kwao. Sasa mwenzangu aliyeko huko ananiambia nikifika Ghent nisianze kusema Kifaransa na watu, watakunja uso. Inawezekanaje? Na ni kweli kwamba nchi yenyewe iko karibu kuvunjika?"

Marahaba, binti yangu, na hongera sana. Babu yako alisema kweli kuhusu Wabelgiji aliowajua, na mwenzako anasema kweli kuhusu Wabelgiji anaoishi nao. Kati ya hao wawili imepita miaka sitini na zaidi, na katika miaka hiyo Wabelgiji waliivunja nchi yao na kuijenga upya kwa sheria, bila vita. Serikali iliyotawala kutoka Usumbura (Bujumbura ya leo) na Léopoldville (Kinshasa ya leo) ilikuwa ya nchi ambayo leo haipo. Burundi, Rwanda na Kongo zilirithi lugha ya dola lililokuwa linakaribia kwisha huko kwao. Ukilishika hilo, mengine yote utayaelewa.

Ramani kwanza, kwa haraka. Ubelgiji una watu wapatao milioni 11.7. Kaskazini ni Flandria, yenye watu karibu milioni 6.8, na lugha yao ni Kiholanzi, chenye lafudhi na maneno ya kwao. Kusini ni Wallonia, watu kama milioni 3.7, Kifaransa. Mashariki kabisa, kuzunguka mji wa Eupen, kuna watu wasiofika 80,000 wanaosema Kijerumani. Eneo lao lilichukuliwa kutoka Ujerumani kwa Mkataba wa Versailles baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na lugha yao ni rasmi kama hizo nyingine. Katikati kuna Brussels, mji mkuu, wenye lugha mbili kisheria na uliozungukwa na Flandria pande zote. Ghent iko Flandria, tena ni mmoja wa miji yake ya moyoni.

Wengi wakiiona ramani hiyo husema ni kisa cha makabila mawili yaliyofungwa pamoja na wakubwa wa Ulaya. Sikubaliani nao. Mpaka uliokuwa na uzito kwa karne nyingi ulikuwa kati ya watu wa juu na watu wa chini, ndani ya mji mmoja, mara nyingi ndani ya nyumba moja. Hakimu wa Antwerp, mwenye kiwanda wa Ghent, daktari wa Brugge, hao walisema Kifaransa sebuleni, na lugha ya wenyeji wakaiweka kwa ajili ya wapishi na watunza farasi wao. Hata mkulima wa Wallonia hakusema Kifaransa cha Paris. Alikuwa na Kiwaloni chake, ambacho shule zilikuja kukifuta baadaye. Kifaransa kilikuwa alama ya kwamba umefika.

Desturi hiyo ina mizizi mirefu. Kaisari Karolo V alizaliwa Ghent mwaka 1500, lakini alilelewa katika jumba lenye kusema Kifaransa, kwa sababu nchi hizi zilikuwa zimepita mikononi mwa watawala wa Burgundy, watu wa ukoo wa Kifaransa. Watu wa Ghent walipogoma kulipa kodi ya vita vyake mwaka 1539, alirudi mwenyewe, na mwaka uliofuata akawalazimisha wakubwa wa mji kutembea mbele yake bila viatu, wengine wakiwa na vitanzi shingoni. Mpaka leo watu wa Ghent wanajiita wavaa vitanzi, na kila Julai, katika sherehe kubwa za mji, utaona maandamano ya watu waliovaa kamba shingoni kwa fahari. Ni vizuri uwaelewe wenyeji wako tangu mapema. Wana kumbukumbu ndefu, na wanaipenda kumbukumbu ya kuwakatalia wakubwa. Sikukuu yenyewe ya Flandria, tarehe 11 Julai, ni ya vita vya mwaka 1302 mjini Kortrijk, ambapo wafumaji na mafundi waliokwenda kwa miguu waliwashinda mashujaa wa farasi wa mfalme wa Ufaransa.

Sitakuchosha na karne zote. Mwaka 1585 Antwerp iliangukia mikononi mwa Wahispania, wafanyabiashara wengi wakakimbilia kaskazini, na tangu hapo Uholanzi na nchi hizi za kusini zikaenda njia mbili. Kusini kulibaki kwa Wahispania, kisha Waaustria, kisha kukamezwa na Ufaransa mwaka 1795. Napoleon aliposhindwa pale Waterloo, karibu na Brussels, mwaka 1815, mataifa makubwa yaliunganisha kusini na Uholanzi chini ya mfalme mmoja, Willem I. Ndoa hiyo ilidumu miaka kumi na mitano. Tarehe 25 Agosti 1830 watu wa Brussels walitoka kwenye jumba la opera wakiwa wamepandwa na hasira, ghasia zikaenea, na mwezi Oktoba nchi mpya ikatangazwa.

Hapa ndipo tatizo lilipozaliwa. Waliounda Ubelgiji walikuwa watu wa sebuleni wale niliowataja, kutoka kaskazini na kusini. Haki ya kupiga kura walipewa wenye kulipa kodi kubwa tu, kama mmoja katika kila watu mia. Katiba ya 1831 ilisifiwa Ulaya nzima kwa uhuru wake, na kweli ilikuwa na uhuru mwingi. Ilisema matumizi ya lugha ni hiari. Lakini hiari hiyo ilikuwa pia ya hakimu, ya afisa wa jeshi na ya karani wa serikali, na wote hao walichagua Kifaransa. Hivyo zaidi ya nusu ya wananchi, wasema Kiholanzi, wakawa na serikali isiyowasikia. Katiba yenyewe katika Kiholanzi haikupata nguvu ya kisheria mpaka mwaka 1967. Angalia mwaka huo vizuri: Burundi ilikuwa imekwisha kujitawala kwa miaka mitano.

Njaa ikaongeza uchungu. Wallonia ilikuwa na makaa ya mawe na chuma. Liège na Charleroi zilikuwa kati ya sehemu za kwanza barani Ulaya kufuata viwanda vya Uingereza, na moja ya reli za kwanza za abiria za bara hilo, ukiiacha Uingereza, ilifunguliwa kati ya Brussels na Mechelen mwaka 1835. Flandria iliishi kwa kitani kilichofumwa majumbani, na mashine zikakiua. Mwaka 1845 viazi navyo vikaoza mashambani. Watu walikufa kwa njaa na homa, wengine wakahamia kusini kuchimba makaa, wageni ndani ya nchi yao. Mwaka 1860 vibarua wawili wa Kiflandria, Jan Coucke na Pieter Goethals, walinyongwa huko Charleroi kwa mauaji ya mjane, baada ya kesi iliyoendeshwa kwa Kifaransa wasichokielewa vizuri. Wanahistoria bado wanabishana kama walikuwa na hatia. Lakini jina lao likawa kilio cha watu wote waliowahi kusimama mbele ya hakimu bila kujua anasema nini, na mwaka 1873 sheria ikaruhusu Kiholanzi katika mahakama za jinai za Flandria.

Kisha kura ikafungua mlango. Mwaka 1893 wanaume wote walipewa kura, ingawa matajiri na wasomi walipewa kura za ziada. Miaka mitano baadaye sheria ilitamka kwamba maandishi ya sheria katika lugha zote mbili yana nguvu sawa. Wingi wa watu wa Flandria ulikuwa umeanza kuhesabika.

Sasa nije kwenye chuo chako, kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo kisa hiki kinaonekana waziwazi kama hapo. Chuo Kikuu cha Ghent kilianzishwa mwaka 1817 na Willem I, na masomo yakatolewa kwa Kilatini. Baada ya 1830 yakawa ya Kifaransa. Fikiria mji wa wafumaji wasema Kiholanzi wenye chuo kikuu ambacho mtoto wa mfumaji hawezi kuingia bila kwanza kubadili ulimi. Kabla ya mwaka 1914 mapambano ya kukigeuza chuo hicho yalikuwa yamekwisha kuwa dai kubwa la Waflandria. Halafu Wajerumani wakaivamia nchi, wakaliona dai hilo, na mwaka 1916 wakakifungua chuo kwa Kiholanzi. Ulikuwa mtego. Walioukubali walionekana wasaliti, na vita vilipokwisha chuo kikarudishwa kwenye Kifaransa. Aibu hiyo iliichelewesha haki ya Waflandria kwa miaka, na nadhani ni moja ya sehemu za kusikitisha zaidi za historia yao: dai la haki lililotiwa doa na mkono uliolitimiza.

Wakati huohuo, kwenye mahandaki ya mto Yser, maelfu ya wakulima wa Flandria walikuwa wakifia nchi hiyohiyo chini ya maafisa wengi wasiojua lugha yao. Waliorudi hawakutaka tena kuambiwa wasubiri. Mwaka 1923 ilijaribiwa suluhu ya nusu kwa nusu, sehemu ya masomo kwa Kifaransa na sehemu kwa Kiholanzi, na hakuna aliyeridhika. Mwaka 1930 Bunge lilipitisha sheria, na Ghent ikawa chuo kikuu cha kwanza nchini kufundisha kwa Kiholanzi kikamilifu. Mkuu wake wa kwanza katika enzi hiyo alikuwa August Vermeylen, mwandishi na mtaalamu wa historia ya sanaa. Mwaka 1932 zikafuata sheria zilizoamua kwamba shule na ofisi za Flandria zitatumia Kiholanzi, na za Wallonia Kifaransa. Ukifika utakuta masomo mengi ya uzamili ya wageni yako kwa Kiingereza. Hilo haliwaudhi. Kiingereza hakikuwahi kumzuia babu yao mlangoni.

Vipi basi babu yako wewe alikutana na Kifaransa tu? Kwa sababu Ubelgiji uliokwenda Afrika ulikuwa wa sebuleni. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeishika Kongo kama mali yake binafsi tangu 1885 mpaka 1908 kwa ukatili ambao dunia nzima iliupigia kelele, aliiendesha kwa Kifaransa. Serikali ilipoichukua Kongo mwaka 1908, sheria ya koloni iliahidi kwamba ndani ya miaka mitano Wabelgiji watapata huko dhamana za lugha kama za nyumbani. Ahadi hiyo ilikaa miongo mingi bila kutimizwa. Majeshi ya Wabelgiji yalipowafukuza Wajerumani kutoka Rwanda na Burundi mwaka 1916, yalifika na utawala wa aina hiyohiyo. Mwafrika aliyetaka ukarani, cheo au heshima ya kuitwa mstaarabu alipanda ngazi ileile ambayo mtoto wa Flandria alipandishwa huko kwao.

Kuna upande wa pili ambao watu wetu hawausikii sana. Wamisionari wengi walioletwa Kongo na maziwa makuu walikuwa watoto wa vijijini Flandria. Baadhi yao walibeba uchungu wa nyumbani. Mapadri Gustaaf Hulstaert na Edmond Boelaert, waliokaa na Wamongo katika jimbo la Équateur, walipigania shule zifundishe kwa Kimongo. Mwaka 1937 walianzisha jarida la utafiti wa lugha na desturi za watu wa huko. Kumnyang'anya mtoto lugha yake ni dhuluma waliyoijua kutoka kwao. Nawaheshimu kwa hilo, bila kusahau kwamba walikuwa sehemu ya koloni na walijipa haki ya kuamua kwa niaba ya Wakongo nini ni cha asili na nini si cha asili. Wakongo wengi waliosoma walikataa mpango huo, nao walikuwa na sababu: mtoto anayefungiwa katika lugha ya kijiji wakati ofisi zote ni za Kifaransa amefungiwa nje ya ofisi. Aliyejua hilo kuliko wote alikuwa Mflandria mwenyewe.

Kongo ikajitawala tarehe 30 Juni 1960. Rwanda na Burundi zikafuata tarehe 1 Julai 1962. Miezi minne baadaye, tarehe 8 Novemba 1962, Bunge la Brussels lilipitisha sheria ya kuchora mpaka wa lugha, kijiji kwa kijiji. Vijiji vingine vilihamishwa mkoa. Vijiji vya Voeren, vilivyotolewa Liège na kupewa Limburg, vilizua ugomvi uliodumu, na mwaka 1987 uliiangusha serikali, kwa sababu ya meya msema Kifaransa aliyekataa kupimwa Kiholanzi.

Kwa nini wakati huo? Mizani ya mali ilikuwa imegeuka. Makaa ya Wallonia yalikuwa yakiisha na migodi yake imechakaa. Mwaka 1956 moto katika mgodi wa Marcinelle uliua watu 262, zaidi ya nusu yao Waitaliano waliokuja kutafuta riziki. Flandria ilikuwa na bandari ya Antwerp na viwanda vipya. Waliokuwa maskini wakawa matajiri, na bado walikuwa wanaomba ruhusa. Mwaka 1950 nchi ilikuwa imeshajipima. Wananchi waliulizwa kama Mfalme Leopold III, aliyelaumiwa kwa mwenendo wake wakati wa vita, arudi kitini. Kitaifa karibu asilimia 58 walisema ndiyo, lakini Flandria ilisema ndiyo kwa asilimia 72 na Wallonia ikakataa kwa asilimia 58. Alirudi, watu wakauawa katika maandamano karibu na Liège, na akamwachia mwanawe Baudouin kiti. Kila upande ulijiona umeonewa na mwenzake.

Mwaka 1968 ilikuwa zamu ya Leuven. Chuo kikuu cha Kikatoliki cha huko, cha tangu 1425, kiko Flandria lakini kilikuwa na sehemu kubwa ya Kifaransa. Wanafunzi waliandamana wakitaka sehemu hiyo iondoke, serikali ikaanguka, na Wallonia ikajengwa mji mpya kabisa, Louvain-la-Neuve, kwa ajili ya chuo cha Kifaransa. Maktaba iligawanywa. Vitabu vingi viligawiwa kwa namba zake, witiri huku na shufwa kule, hata seti za majarida zikatenganishwa. Vita viwili vya dunia vilikuwa vimeichoma maktaba hiyo mara mbili, na kila mara watu wakaijenga upya. Siwezi kuuelezea mgawo ule kama ushindi wa mtu yeyote.

Tangu hapo katiba imebadilishwa mara kwa mara, kuanzia 1970, na tangu 1993 kifungu chake cha kwanza kinasema Ubelgiji ni dola la shirikisho. Serikali ziko sita. Elimu, isipokuwa mambo machache, si kazi ya serikali ya taifa, hivyo chuo chako kiko chini ya serikali ya Flandria. Vyama vya siasa vimegawanyika kwa lugha. Mtu wa Ghent hawezi kumpigia kura wala kumnyima kura mwanasiasa wa Liège, ingawa huyo anaweza kuwa waziri wake mkuu. Ndiyo maana kuunda serikali huchukua muda wa ajabu: baada ya uchaguzi wa 2010 zilipita siku 541.

Itavunjika? Sidhani, na sababu kubwa ni Brussels. Zamani ulikuwa mji wa Kiholanzi. Leo wengi humo wanasema Kifaransa, kama lugha ya kwanza au ya kukutania, na wakazi wake wametoka Morocco, Uturuki, Kongo, Romania na kwingineko. Flandria haiwezi kujitenga nao, kwa kuwa hata bunge lake liko humo. Wallonia haiwezi kuuchukua, kwa kuwa hawapakani. Tena kuna deni kubwa la taifa ambalo hakuna anayetaka kulibeba peke yake. Tangu Februari 2025 waziri mkuu ni Bart De Wever, ambaye chama chake katika maandishi yake kinataka Flandria ijitawale. Ameapa mbele ya mfalme na anaongoza nchi ileile. Mpira nao una nafasi yake. Romelu Lukaku, mzaliwa wa Antwerp, mtoto wa wazazi wa Kikongo, anajibu waandishi kwa Kiholanzi na kwa Kifaransa bila kigugumizi, jambo ambalo mawaziri kadhaa wameshindwa kulifanya.

Sasa ya safari yako. Hakuna sheria inayokukataza kusema Kifaransa dukani au barabarani. Sheria za lugha zinaibana ofisi ya umma, mtu binafsi yuko huru. Lakini ukienda manispaa ya Ghent kujiandikisha, karatasi zako zitakuwa za Kiholanzi, kwa hiyo uliza mapema kama cheti chako cha kuzaliwa kinahitaji mfasiri aliyeapishwa. Kwenye treni usishtuke ukiona majina yakibadilika: Mons huandikwa Bergen ukiwa Flandria, Liège huandikwa Luik, na Ghent yenyewe ni Gand kwa wasema Kifaransa. Anza na salamu ya Kiholanzi, hata kama ni hiyo tu unayoijua, kisha endelea kwa Kiingereza. Wengi wa Ghent wanakijua Kifaransa na watakusaidia kwacho wakiona umehangaika kidogo kwanza. Jiandikishe darasa la Kiholanzi muhula wa kwanza uleule, usingoje.

Siku ukipata nafasi, nenda Tervuren, nje kidogo ya Brussels, kwenye jumba la makumbusho la Afrika lililofunguliwa upya Desemba 2018. Kabla hujaingia ndani, tafuta kwanza kanisa la mji huo. Nje yake wamezikwa Wakongo saba, kati ya watu 267 walioletwa mwaka 1897 kuonyeshwa kwa umma katika maonyesho ya Leopold II. Waulize wenzako wa darasani kama wameshawahi kufika hapo, na uwasikilize wanavyojibu. Ukipenda, niandikie ulichokikuta.